“Spread like wildfire”: kwa nini kalamu nyekundu ilipita mara tatu

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nachingwea, mkulima wa korosho. Kijana wake wa kidato cha tatu aliandika insha ya Kiingereza kuhusu siku tembo walipoingia kijijini, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii: “The news about the elephants was spreaded like a wild fire in our village.” Mwalimu ameikata mahali patatu kwa wino mwekundu bila kuandika sababu. Mama anauliza: “Moto wa porini tunaujua, kila kiangazi tunapambana nao kwenye mikorosho. Sasa kijana kakosea nini? Na je, anaweza kusema korosho zetu ‘were sold like wildfire’, maana msimu huu zimenunuliwa haraka? Kiingereza changu ni cha darasa la saba, nieleze taratibu nami nikamweleze.”

Mama, salamu zako zimefika, na pole na shughuli za shamba. Sentensi ya kijana ikinyooshwa inakuwa hivi:

“The news about the elephants spread like wildfire through our village.”

Mwalimu alikuwa na haki mahali pote patatu: “was spreaded”, kile kineno “a”, na “wild fire” iliyoandikwa kama maneno mawili. Lipo na la nne alilolipitisha, yaani “in” badala ya “through”. Hilo si kosa hasa, ila linaipunguzia sentensi nguvu, nitalifikia. Na kuhusu korosho, hapana, haziuzwi “like wildfire”, hata zikiisha ghalani kwa siku moja.

Makosa haya yanaonekana manne, lakini shina lake ni moja. Kijana ameuchukua usemi huu kana kwamba maana yake ni “haraka sana” basi. Kasi imo, lakini ni nusu ya maana. Nusu ya pili ni kwamba kitu chenyewe kinakwenda bila msimamizi, kikitoka kwa huyu kwenda kwa yule, kila upande kwa mara moja.

Wewe picha hiyo unayo tayari kuliko watoto wengi wa mjini. Mwezi wa nane nyasi zimekauka. Mtu amerina asali, au wawinda panya wamepita, na nyuma yao limebaki kaa moja. Moto ule haufuati njia. Unashika nyasi, nyasi zinayashika majani makavu yaliyolala chini ya mkorosho, upepo unanyanyua jani moja linalowaka na kulitua ng’ambo ya njia mliyoifyeka, na wakati mnapigana na moto ulio mbele yenu, mwingine umeshaanza mgongoni. Hakuna aliyeubeba kuupeleka kule. Kila kilichowaka ndicho kilichomwasha jirani yake. Sasa ondoa nyasi weka watu, ondoa cheche weka maneno: mmoja kaona tembo mtoni, kamwambia wa kwanza, wa kwanza kawaambia watatu, na kabla jua halijasimama kichwani kijiji kizima kinafunga milango. Hiyo ndiyo “spread like wildfire”.

Kwa hiyo kijana akitaka kujua kama usemi huu unafaa mahali fulani, ajiulize mambo matatu. Je, kitu hicho kimefika kwa wengi, au mahali pengi? Je, kimepokezwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine? Je, kimekwenda kwa kasi ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuizuia? Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, aandike. Likikosekana moja, atafute maneno mengine. Uvumi unapita mtihani huo. Ugonjwa wa kuambukiza unapita, na mtindo mpya wa nguo, wimbo, hofu na vurugu vinapita pia. Gari linalokimbia halipiti, kwa sababu ni moja na lina dereva. “He ran like wildfire” haifai kwa mwanariadha hata akiwa na kasi ya namna gani, na mwerevu anayeelewa masomo haraka haelezwi hivyo.

Tuje kwenye “was spreaded”, ambayo ni makosa mawili yamevaa shati moja.

La kwanza ni la umbo. Kitenzi “spread” hakibadiliki. Leo ni “spread”, jana ni “spread”, na baada ya “has” au “have” ni “spread” vilevile. Hakuna “spreaded” popote. Kinachoongezeka ni “s” ya wakati uliopo mtendaji akiwa mmoja, “the disease spreads”, na “ing” ya kuendelea, “the disease is spreading”. Kwa hiyo msomaji anajua wakati kwa kuangalia maneno yaliyo jirani: “Yesterday the news spread” ni jana, “The news has spread” ni imekwisha kuenea. Na matamshi yake ni “spred”, silabi moja fupi. Wanafunzi wengi wanasema “sprid” kwa sababu ya zile herufi “ea”. Mwambie ikae pamoja na “bread”, mkate: bred, spred.

La pili ni zito zaidi, nalo linaelezeka vizuri sana kwa Kiswahili, maana lugha yetu imeyatenga mambo ambayo Kiingereza kimeyaweka katika neno moja. Sisi tunasema habari *zilienea*, mtu *alieneza* habari, habari *zilienezwa*. Enea, eneza, enezwa. Au sambaa, sambaza, sambazwa. Kiingereza kina “spread” hiyohiyo kwa enea na kwa eneza, na “was spread” kwa enezwa. Usemi wa moto unadai *enea*. Ukishasema “zilienezwa” umemleta mtu: nani alizieneza? Moto wa porini hauna mtu nyuma yake, ndiyo sifa yake hasa. Ndiyo maana “The news was spread like wildfire”, hata ukiiondolea ile “ed”, bado inakwaruza sikio. Si kwamba hakuna Mwingereza aliyewahi kuisema. Lakini katika mtihani mwanafunzi asiiguse.

Mfano wa nyumbani kwenu utamkaa kijana kichwani. Mnapoanika korosho juani, Mwingereza anasema “We spread the nuts in the sun.” Hapo mnafanya kazi kwa mikono, korosho hazitandiki zenyewe. Kwa hiyo “The nuts were spread in the sun” ni sahihi kabisa: zilianikwa. Habari za tembo hakuna aliyezianika. Zilienea.

Hapohapo kuna mtego ambao kijana ameukwepa, lakini kesho unaweza kumnasa. “Habari” kwetu zinaenda kwa wingi, habari *zi*meenea, na mtoto wa Kiswahili anaandika “The news have spread”. Kwa Kiingereza “news” ni umoja ingawa ina “s” mwishoni: “The news *has* spread.” “Gossip” na “information” nazo ni umoja. “Rumour” ndiyo inayohesabika, hivyo ikiwa moja ni “A rumour has spread”, zikiwa nyingi “Rumours have spread”.

Sasa kile kineno “a” na lile pengo kati ya “wild” na “fire”.

Linganisha sentensi hizi mbili:

“A wildfire spread through the cashew farms.”
“The news spread like wildfire through the cashew farms.”

Ya kwanza ni moto wenyewe, mashamba yanaungua kweli. Huo ni moto mmoja, unahesabika, hivyo unapata “a”, na ikiwa mingi ni “wildfires”. Ya pili hakuna kinachoungua, kuna maneno tu yanayotembea. Hapo “wildfire” inasimama peke yake, bila “a”, bila “the”, bila “s”. Mwanafunzi akiweka “a” msomaji ataelewa, ila atasikia kwamba mwandishi anatafsiri kutoka kichwani badala ya kuutumia usemi kama ulivyo. Na katika sentensi zote mbili neno ni moja lililoshikana, “wildfire”, na mkazo uko mwanzoni: *waild*-faya. Ukiliachanisha, “wild fire”, linakuwa moto wenye sifa ya ukali, jambo jingine.

Kwa nini basi usemi hauna “a”? Hapa kuna historia inayopendeza. Neno “wildfire” ni la kale sana katika Kiingereza, na kwa karne nyingi halikuwa na maana ya moto wa msitu peke yake. Lilikuwa pia jina la silaha. Dola ya Rumi ya Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa mji ambao leo ni Istanbul, ilianza katika miaka ya 670 kutumia kimiminika cha kuunguza kilichofyatuliwa kwa mabomba kutoka kwenye merikebu. Kiliwaka hata juu ya maji, na kukimwagia maji hakukukizima. Namna ya kukitengeneza ilifichwa kama siri ya dola, na siri hiyo ikapotea. Waingereza waliposimulia silaha za namna hiyo waliziita “wildfire”. Ugonjwa wa ngozi unaowaka na kutambaa mwilini nao uliitwa hivyo. Ukiliangalia neno kwa jicho hilo, “wildfire” ilikuwa kitu cha kutia mtunguni, kama mafuta au lami, na vitu kama hivyo Kiingereza hakivihesabu: hakisemi “an oil” wala “a tar” kwa mafuta na lami ya kawaida. Kwa maoni yangu hapo ndipo usemi ulipoachia “a” yake, na haukuirudisha tena.

Kufananisha maneno na moto huo nako si kwa jana. Shakespeare, katika shairi lake refu lililochapishwa mwaka 1594, anamtaja Sinon, yule msaliti wa hadithi ya Troya, na kusema kwamba maneno yake yaliuunguza mji ule “like wildfire”. Angalia kwamba hata pale hakuna “a”. Angalia pia kwamba kilichounguza mji ni maneno ya mtu mmoja. Baadaye usemi ukaegemea zaidi kwenye kuenea kuliko kuunguza, na kitenzi “spread” kikawa mwenzi wake wa kudumu.

Turudi kwenye “in”. Kijana ameandika “in our village” kwa sababu Kiswahili chake kimemwambia “kijijini”. Ni sarufi nzuri, lakini “in” inakaa mahali pamoja, na habari hazikukaa. “Through” inaingia nyumba hii ikatokea ile, kama uzi kwenye shanga. Ndiyo inayokwenda vizuri zaidi na usemi huu kwa kijiji, shule, soko au kambi. Kwa eneo kubwa lililotandaa, tumia “across”: “across the district”, “across the south”. Kwa kundi la watu, “among”: “among the farmers”. Na kama njia yenyewe inajulikana, “from Masasi to Newala” inatosha. Mahali pa kuweka maneno haya pana nafasi: “spread like wildfire through the village” na “spread through the village like wildfire” zote zinakubalika, na ya kwanza ndiyo utakayoisikia zaidi.

Kuna vijikosa vingine ninavyoviona mara kwa mara kwenye insha za kidato cha tatu na cha nne, nivitaje tu. “Spread *as* wildfire” inatokana na “kama” yetu, ambayo inafanya kazi ya “like” na ya “as”. Hapa ni “like” tu. “Spread *very quickly* like wildfire” ni kusema mara mbili, kwa sababu kasi imeshabebwa na moto. “Spread *out* like wildfire” inaharibu, maana “spread out” ni kutawanyika kwa kuachiana nafasi, kama watu wanaomtafuta mtoto aliyepotea porini. “Over many years it spread like wildfire” inajipinga yenyewe. Na kukanusha, “The news did not spread like wildfire”, kunasikika vibaya isipokuwa unamjibu mtu aliyedai kwamba zilienea hivyo. Kama habari zilikwenda polepole, sema “The news spread slowly” na uendelee.

Nilisema ugonjwa unafaa. Huko kwenu mfano uko juu ya miti. Ubwiriunga unashambulia majani machanga na maua ya mkorosho, na mbegu zake za vumbi zinabebwa na upepo kutoka mti hadi mti; ndiyo maana mnapuliza salfa, na ndiyo maana mnaipuliza alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Ugonjwa huo una sifa zote tatu nilizotaja. “Powdery mildew spread like wildfire through the cashew trees” ni sentensi iliyosimama sawasawa. Kipindupindu nacho kinafaa kwa maana, ila hapo mwanafunzi atumie busara. Ukiandika kuhusu watu waliofiwa, tashbihi ya kuchangamsha habari inaweza kuwaumiza, na sentensi tulivu yenye idadi ya wagonjwa na tarehe inasema zaidi.

Idadi ndiyo inayonipeleka kwenye suala la wapi usemi huu utumike. Kwenye insha ya masimulizi, mazungumzo, gazeti na barua kwa rafiki, unakaa vizuri, mara moja tu. Kwenye ripoti ya kazi unachosha. Katibu wa chama cha msingi akimwandikia afisa kilimo kwamba ubwiriunga “spread like wildfire”, afisa hajaambiwa kitu cha kufanyia kazi. Akiandika kwamba ulikuwa kwenye mashamba 3 Jumatatu na kufikia Ijumaa ya wiki ya pili ulikuwa kwenye 40, hapo ameripoti. Usemi umetumika kwa karne nyingi na umechakaa kidogo. Mwalimu makini anaukubali, lakini hautatoa alama za ubunifu.

Wengi wanadhani pia kwamba ni wa mabaya tu, kwa kuwa moto unateketeza. Sivyo. Habari njema nazo zinaenea hivyo. Novemba 2018 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mtu angeweza kuandika: “The news of the new price spread like wildfire across Mtwara and Lindi.” Hakuna ubaya ndani yake. Kinachobaki, kwa njema na kwa mbaya, ni kule kukosa msimamizi. Ndiyo maana kampuni ikijisifia “We spread our message like wildfire” inasikika kama mtu anayedai ameupanga moto wa porini hatua kwa hatua.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kijana alichukue kwa uzito, hasa akisoma historia kwa Kiingereza. Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwenye vilima vya Wamatumbi, upande wa Kilwa, ndani ya mkoa wenu. Agosti hiyohiyo boma la Liwale lilianguka na ngome ya Mahenge ikashambuliwa, na Septemba Wangoni wakaingia vitani. Mtu anayeandika kwa Kiingereza kuhusu wiki hizo anashawishika sana kusema “the uprising spread like wildfire”. Kwa kasi, ni kweli. Lakini usemi unaleta na ile nusu yake ya pili: kitu kisicho na akili nyuma yake, kinachoshika chochote kilichokauka. Majimaji haikuwa hivyo. Ulitangulia ujumbe wa siri wa kunong’onezana, ulioitwa njwiywila. Watu walikwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kuchukua maji, na wajumbe walioitwa hongo waliyapeleka maji hayo kwa wengine. Hiyo ni *eneza*, si *enea*. Walikuwapo watu waliobeba, waliopanga, waliokubali na waliokataa. Kwenye mtihani wa historia, “The uprising spread rapidly, carried by messengers” ni Kiingereza safi, na inawaachia wazee wale akili zao.

Je, kwa Kiswahili tuseme nini? Tunayo “kuenea kama moto wa nyika”, na wengine husema “kama moto kwenye nyasi kavu”. Imezoeleka magazetini na redioni, haina tatizo. Ila mama, usimwache kijana aamini kwamba kila anapokutana na usemi ule lazima aweke moto. Kiswahili kina vitenzi ambavyo vimeshabeba picha ndani yao. *Kutapakaa* kuna kitu kilichomwagika. *Kuzagaa* kuna karaha: taka zimezagaa, uvumi umezagaa, msemaji hapendi. *Kutanda* ni kama wingu, linafunika watu wakiwa wametulia, hofu hutanda. *Kuvuma* ni sauti, ngoma na upepo, na ndiko uvumi ulikopata jina lake: Mwingereza anauona uvumi ukiwaka, Mswahili anausikia ukivuma. Ukitafsiri “The rumour spread like wildfire” kwa “Uvumi ulizagaa kijiji kizima”, hukupoteza kitu. Na akienda upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, asiandike “the fire of the bush”. “Like a bush fire” ipo, inasikika kwenye Kiingereza cha Afrika na inaeleweka, na yenyewe inabeba “a”. Lakini kwenye karatasi ya mtihani “like wildfire” ni salama zaidi.

Sasa korosho zako. Zimenunuliwa kwa kasi, lakini hazikuambukizana. Mnunuzi alikuja, akalipa, akabeba. Kiingereza kina usemi wake wa biashara: “sell like hot cakes”, na hapo korosho zinaweza kuwa mtenda: “Our cashews sold like hot cakes this season.” Tena bila “were”, kwa sababu ileile ya enea na eneza, hapa “sold” ina maana ya ziliuzika, si ziliuzwa. Kumbuka pia kwamba ni “cakes” kwa wingi, na zina “hot”. Bei ya korosho ikipanda ghafla, haisemwi kwa moto wala kwa keki: “The price shot up.”

Na awe macho na nyumba inayoungua. “They get on like a house on fire” haina balaa ndani yake. Maana yake watu wawili wamepatana haraka na wanashibana. Kijana akisoma sentensi hiyo kwenye ufahamu akadhani jirani wanaunguziana nyumba, atakosa swali zima.

Kwa picha au video iliyoenea kwenye simu, vijana wanasema “went viral”. Hiyo ni ya mtandaoni hasa. Habari za tembo zilizopita kwa mdomo kisimani hazikwenda “viral”. Na zisichanganywe: “went viral like wildfire” ni kuvaa kofia mbili. Ikiwa anataka tu kusema kwamba watu walipata kujua, bila kasi ya moto, “Word got around” ni fupi na ina ladha ya kijijini. Na akitaka kusema kasikia kwa watu, si kwa taarifa rasmi, ni “I heard it on the grapevine.”

Mazoezi, mama, mnaweza kuyafanya jioni bila kitabu. Wewe sema sentensi kwa Kiswahili, yeye kwanza akujibu: ni enea au eneza? Kisha aijibu kwa Kiingereza. Jaribuni hizi tatu.

“Habari za kufunguliwa kwa mnada zilisambaa Tandahimba nzima.” Ni enea, na inakubali moto: “The news of the auction spread like wildfire through Tandahimba.”

“Mwenyekiti alisambaza barua kwa wanachama.” Ni eneza, ina mtu na ina mpango. Moto hauingii, wala “spread” yenyewe haifai sana kwa barua: “The chairman sent a letter to the members.”

“Moto ulienea shambani.” Ni enea, lakini ni moto kweli. Asiandike “The fire spread like wildfire”, maana atakuwa ameufananisha moto na moto. Aandike “The fire spread quickly through the farm”, na kama anataka nguvu zaidi, aseme ulichoteketeza.

Na ile insha ya tembo, akiiandika upya, aanze na yule aliyewaona mtoni, kisha alete usemi mara moja, kisha watu wenyewe:

“A boy saw the elephants at the river. The news spread like wildfire through our village, and by noon every door was shut.”